Kopo Moja Mezani

Mezani pangu kopo moja.
Si mawili. La pili limo kabatini, kwa kufuli,
na ufunguo ninao shingoni
pamoja na hirizi ya marehemu mama
ambayo sikuivaa kwa kuiamini.

Watu wa Mudheirib wananicheka:
mwanamke wa Unguja, mke wa Msellem,
ndiye anayejaza baruti risasi za razha!
Nacheka nao. Kisha nawaonyesha vidole.
Kumi. Haya, tuendelee.

Baba alikuwa sonara, Mkunazini.
Niliijua mizani kabla sijajua kusuka ukili.
Mizani haina shemeji, akisema.
Ukiipumulia itakudanganya, ukiegemea meza itakudanganya,
zima feni kwanza, ndipo uiulize.
Basi nazima kiyoyozi, hata Julai,
jasho linanichuruzika mgongoni
na punje zinatua moja moja, nyeusi kama habasoda,
hakuna upepo wa kuzichokoza.

Msellem hakuwa mzembe. Hilo mlijue.
Sigara hakuvuta. Maganda ya shaba
aliyaosha kwa ndimu, akayaanika juu ya sakafu
yakameta kama meno ya bibi harusi.
Lakini usiku ule, kesho yake harusi ya Sleyum,
simu ikalia. Dada yake, kutoka Mwera:
habari za shamba, habari za mgonjwa, nani kaoa tena.
Dakika sita. Chai ikaletwa.
Niliileta mimi.
Alipoinama tena, maganda arobaini mbele yake
midomo wazi, kama makinda,
na hakukumbuka lipi limekwisha kula.

Chuoni tulifundishwa: ukitia shaka,
rakaa tatu au nne,
shika tatu, ongeza moja.
Naye, mcha Mungu, akashika iliyo chache.
Akaongeza.

Baruti si sala.

Bunduki ilikuwa ya babu yake, Martini,
kitako kimevikwa fedha.
Akapewa Azzan aifyatue, miaka kumi na saba,
kanzu mpya, kofia ameilaza upande.
Ngoma ilikuwa juu. Waliojua
waligeuka kabla moshi haujatanda,
kwani mlio ule haukuwa wa furaha.
Mkono sitausimulia.
Mama yake hunisalimu kila Jumatano, soko la wanawake Ibra,
na kila Jumatano mimi huangalia viatu vyake.

Msellem hajaingia tena chumba hiki.
Anasali sana. Akisahau rakaa
ananiuliza mimi.

Simu naiacha jikoni, ndani ya sufuria, na kifuniko juu.
Nikiitwa katikati ya safu, siitiki;
wajukuu wanadhani nimekuwa kiziwi.
Nagusa nondo ya dirisha kabla ya kugusa kopo,
maana baridi kavu ya Januari
huficha cheche ndani ya shungi la nailoni.
Pamba tu mwilini, siku hiyo.
Ganda tupu hukaa kichwa chini. Lililokula husimama.
Na baruti haikai kwenye kopo la kahawa,
hata kwa usiku mmoja, hata kwa ahadi.
Yakishasimama yote, nachukua tochi,
nachungulia koo baada ya koo:
weusi ulingane na weusi.
Nikitia shaka, hata ndogo kama chawa,
namwaga yote arobaini. Naanza upya.
Usiku ni mrefu, na harusi itasubiri.

Juzi Azzan alikuja. Ana ndevu sasa,
ana binti anayesoma Maskati.
Hakusema alichofuata. Akaketi,
akanishikia tochi kwa mkono uliobaki.
Tulikwenda kimya mpaka mwisho wa safu.
Akasema: la kumi na tisa, shangazi.
Nikaangalia. Nikaangalia tena.
Sikuona kitu.
Sikubishana naye.
Nikamwaga, la kwanza mpaka la arobaini,
naye akanishikia kopo.

Chai ilipoletwa mlangoni
tuliiacha ipoe.