Mlango wa Saba

Kila mwisho wa mwezi naiita kwa jina:
=MAJI(mlango; lita)
nayo hujibu shilingi.
Haisalimu, haielezi,
kama yule mwenye duka wa Makupa
atajaye bei huku akitazama pengine.

Nimeirithi kwa Chengo, pamoja na funguo za tangi
na mwavuli uliovunjika ubavu.
Jumba letu la Tudor: milango kumi na sita,
kisima cha maji ya chumvi,
na boza la maji matamu linalokuja likitaka.

Mwezi huu bei ya boza ilipanda.
Ikanibidi nifungue nilichokuwa nikikiogopa,
mistari kumi na moja aliyoitunga mwenyewe,
nikaisoma kama barua isiyokuwa yangu,
kidole juu ya kioo.
Lita zidisha bei. Sawa.
Pampu gawa kwa milango. Sawa.
Mstari wa tisa:
mlango ukiwa 7, toza nusu.
Na pembeni neno moja: usiguse.

Saba anakaa Mwadime, kijana wa bima,
ana mashine ya kufulia
inayounguruma hadi saa sita usiku.
Nusu!
Na ile nusu ya pili, nilipoifuata,
ilikuwa ikimwagwa kidogo kidogo kwetu kumi na watano,
nami sina habari.

Nikampigia Chengo, Kaloleni. Kuku nyuma yake.
"Saba? Saba ni Bi Mwanasiti.
Akiosha maiti wa kike mtaa mzima, hatozi.
Mashuka ya josho akiyafua kwake.
Nikaona nusu ya maji yale si yake."
Akanyamaza.
"Hivi alifariki lini?"

Miaka mitatu.
Fomula haikwenda mazikoni.
Iliambiwa namba, haikuambiwa mtu.

Nikanakili faili kwanza
(niliwahi kuungua: safu nzima #JINA?,
mwenye nyumba akadhani nimeiba),
kisha nikaongeza la tatu ndani ya mabano:
=MAJI(mlango; lita; hisani)
Ikiwa ndiyo, nusu. Ikiwa tupu, kamili.
Nikaiondoa 7.
Juu yake nikaandika, kwa maneno,
jina la marehemu, sababu, tarehe.

Seli zikapepesa, zikatulia.
Bili ya Mwadime ikaruka; atakuja kugonga.
Yangu ikashuka shilingi thelathini na nane.

Lakini safu mpya iko wazi,
vijumba kumi na sita vyeupe.
Kumi na moja ana pacha, mumewe yuko Doha,
ndoo zake nazisikia kabla ya adhana.
Mwenye nyumba hajui kama safu hii ipo.
Bili hutoka saa mbili.

Ndiyo.
Nafuta.
Ndiyo.
Thelathini na nane zangu
zinapanda, zinashuka, zinapanda.