Kizibo Kimoja

Saa moja na nusu asubuhi navua viatu vyeupe mlangoni,
nguo zanuka spiriti na wodi namba tatu,
na Langoni yote inaamka kunipokea.

Mwanzo punda wa Shalo, aitwaye Waziri,
hupita na mawe ya tumbawe, husimama papa hapa
chini ya dirisha langu kutoa hotuba.
Kisha pampu ya maji. Kisha watoto wa chuo
wakikariri kwa sauti moja, na mmoja daima
yuko nyuma kwa herufi mbili.
Kisha Fundi Bwanaheri, nyundo na patasi,
tak, tak-tak, anachonga mlango wa nyumba ya mgeni
ambaye, nasikia, amenunua huku kwa sababu kuna utulivu.

Jicho lilipewa kope.
Sikio liliachwa uwazi tu, fremu isiyo na mlango;
kila apitaye huingia na viatu vyake.

Nilijaribu pamba. Niliichota kazini,
Mungu anisamehe, nikaichovya mafuta ya nazi.
Ilichuja sauti kama kifumbu kichujavyo tui:
machicha yakabaki nje,
tui zito la kelele likaingia lote.

Kwa Nuswaiba, duka la dawa, vizibo vilikuwa aina tatu.
Vya sponji, rangi ya chungwa, unavifinyanga kama kinyunya
navyo huvimba ndani polepole: shilingi hamsini jozi.
Vya nta, vinavyolainika kwa joto la mwili.
Vizuri, akasema, ila kwa joto hili utaamka navyo shingoni.
Vya mpira, na kamba yake, vya wapiga mbizi.
"Sikio la kufa," akacheka,
"leo limekuja lenyewe kuulizia dawa."

Nikachukua vya sponji.

Mtaa ukafungwa kama mlango wa jokofu.
Waziri akafumbua kinywa, nikaona meno tu.
Kisha, ndani ya kimya nilichokilipia, nikasikia
mapigo yangu mwenyewe. Na mkono, kwa mazoea,
ukatafuta saa: themanini na mbili kwa dakika.
Mgonjwa hajalala. Mgonjwa apewe nini?

Habari zilipomfikia Fundi, hakuomba radhi.
Aliniletea jozi ya kipande cha mbambakofi,
kila kimoja amekichonga ua kichwani,
dogo kama punje ya mtama.
Havivaliki. Vinaumiza. Nimeviweka kidakani
kando ya kikombe cha meno ya mama.

Mama. Hilo sikulitaja dukani.
Chumba cha pili, ukuta wa chokaa kati yetu.
Akinihitaji hugonga kwa pete yake, mara mbili,
kisha husema "Ndoo," kwa sauti ya chini,
kama anayebisha hodi kwa watu asiowajua.

Siku niliyolala kweli, niliamka saa kumi.
Nilimkuta ukingoni mwa kitanda, shuka limelowa,
leso mkononi, akijaribu kulikausha.
"Sikutaka kukuamsha," alisema.
Pete yake ilikuwa na vumbi la chokaa.

Sasa navaa kimoja tu, cha sikio la mtaani.
Lile jingine nimeliachia ukuta.
Nalala nusu, naamka nusu.
Waziri anahutubia kwa mbali, darasa limepungua watoto,
nyundo ya fundi inapiga, inakosa, inapiga.
Kizibo cha pili kimo paketini, safi,
hakijaonja sikio.

Nuswaiba asema ataniuzia
kimoja kimoja, kwa nusu bei.