Kisiwa Kisicho na Kitu

Septemba, dirisha la tiketi, bandarini Pireo.
Evanthia amechoshwa na visiwa vya picha:
foleni ya kuota jua, muziki hadi alfajiri,
kahawa kwa bei ya viatu.
"Nipe," asema, "kile ambacho watu hukipita."
Karani Sotiris akuna kidevu.
"Kuna kwetu. Ila hakuna kitu."
"Hakuna kiasi gani?"
"Duka moja. Mbuzi. Meli Jumanne na Ijumaa,
upepo ukipenda."
Akalipa papo hapo.

Kabla ya kumpa chenji, karani akainama,
akatoa kifurushi chini ya meza:
miwani ya mama yake,
imelala pale tangu Pasaka.

Sasa yupo ufukweni, chumvi imemkaukia magotini,
maji yangali na joto la Agosti
kama kitanda kilichoachwa sasa hivi.
Bibi Kalliopi avaa miwani,
atazama bahari, halafu uso wa mgeni.
"Nilidhani ataileta mwenyewe."

Evanthia hana jibu.
Ajisogeza kidogo kwenye taulo,
na kikongwe, na viatu vyake vyeusi, aketi.

Meli ya Jumanne yapiga honi, yarudia.
Hakuna anayeinuka.