Kadi ya Miraba Kumi na Miwili

Theluji ya kwanza haijatulia sawasawa
na Tillie Neufeld keshabandika kadi mlangoni pa kanisa:
miraba kumi na miwili, riwaya kumi na mbili za Kikristo,
kila moja ya aina yake.
Shindano halina tarehe ya mwisho.
Linakwisha siku barafu ya ziwa itakapopasuka.
Zawadi ni pai ya matufaha
na jina lako kwa chaki, ubaoni, hadi Pentekoste.

Maktaba yetu iko chini ya kanisa, kando ya tanuri,
rafu tatu na kiti kimoja chenye mguu wa kusitasita.
Nikaanza na upelelezi:
mzee wa kanisa kakutwa ghalani, baridi kama koleo,
na mjane mfuma soksi kamjua muuaji
kabla polisi hawajavua glavu.
Supu yangu iliungua usiku ule. Sikujuta.

Kisha mapenzi ya enzi za magari ya farasi,
wachumba wanaoshikana mikono
ukurasa wa mia tatu na kumi,
nami, ajuza wa miaka sabini na mmoja,
nikawapigia kelele kitandani:
Jamani, ombeni, lakini ombeni upesi!

Orval Dyck, fundi wa matrekta,
ambaye hakuwahi kusoma ila orodha za vipuri,
alichukua ile ya njozi, yenye joka jaladani.
Jumapili, katikati ya zaburi, akaniinamia:
"Agatha, hili joka, litatubu?"
Mnong'ono wake ulifika hadi kwenye kinanda.

Mama angeyakataa haya yote.
Kwake hadithi ilikuwa uongo,
na uongo hautakasiki kwa kuvishwa nguo ya ibada.
Nikiwa binti nilijaribu kumshinda:
Hata Bwana alisimulia, Mama.
Mtu mmoja alikuwa na wana wawili.
Akasema, huku akikanda unga,
"Yeye aliwafahamu wote wawili.
Wewe unamfahamu nani?"

Februari.
Vita nimemaliza, na msisimko, na safari za wamisionari.
Umebaki mraba mmoja: ucheshi.
Nilikuwa nikiukwepa. Kucheka peke yako nyumbani
ni kumwandalia sahani mgeni asiyekuja.
Nikachagua kitabu chembamba kuliko vyote,
cha mchungaji na mbuzi aliyemlia hotuba ya Pasaka.

Nyuma, mfukoni mwa jalada, kadi ya zamani ya waazimaji.
M. Friesen.
M. Friesen.
Mara saba,
kwa mwandiko ule ule uliohesabu mayai na madeni,
na kila mara muhuri wa Februari.

Abram, kaka yangu, alizama Februari.
Barafu ilimwita, ikambeba hatua ishirini,
ikabadili nia.
Tangu hapo sikumsikia Mama akicheka.
Nilidhani kicheko chake kilizama naye,
na sikuwahi kuuliza; kwetu huzuni haiulizwi,
hupikiwa.

Kumbe alishuka ngazi hizi.
Kumbe alikaa kiti hiki hiki, na koti lake la kijivu,
akamtazama mbuzi akitafuna ufufuo, karatasi baada ya karatasi,
na mchungaji akimkimbiza kwa soksi theluji nzima.
Njoo basi, uongo. Utamu, kolea.
Sijui kama alicheka. Labda alikuja kujaribu.

Mimi nilicheka. Ukurasa wa arobaini,
mbuzi alipocheua pale madhabahuni,
nilicheka hadi kiti kikaniangusha,
na Orval, aliyekuwa akisafisha tanuri,
akaja mbio na brashi mkononi:
"Nani analia huku?"

Nikaandika jina langu chini ya yale saba.
Ule mraba sikuutia alama.
Ziwa bado limefunga, pai ya Tillie inaweza kungoja,
na kesho nataka kumrudia mbuzi tangu mwanzo,
polepole,
kwa sauti.