Maotea

Bwana Penirosi wa Methodisti
alifika Urambo na kwinini, kinanda kibovu
na daftari tupu.

Babu yangu Kasubi alimjazia,
ujira wake chumvi:
jina la mvua, la nzige, la deni.

Wakakwama kwenye neema.
Siku tatu Mzungu anaeleza, jasho linamchuruzika:
kitu hukukifanyia kazi,
hukustahili, umepewa.
Babu akamshika mkono hadi nyuma ya zizi,
akamwonyesha mtama ambao hakuupanda mtu.
"Maotea," akasema.
Yule akaandika. Nasikia alilia kidogo.

Homa ilimchukua Mathayo hajaisha.
Daftari likavuka bahari,
jaladani jina moja.

Kaburi lake hatulilimi.
Ila kila masika, pale kichwani,
mtama.