Kichwa, Moyo, Mkia

Siku ya tatu baada ya kumzika Struan
nilikwenda kuzima taa ya gereji yake
nikasikia mtu akimeza mate.

Blup.
Kisha kimya cha kuhesabu hadi saba.
Blup.

Lilikuwa pipa la plastiki, jeupe, la lita thelathini,
limeviringishiwa blanketi la umeme la mama yetu,
lile la waridi lenye doa la chai pembeni,
na mkanda wa suruali umelikaza kiunoni.
Nje, Mataura yote imelala chini ya sakitu,
majani yanavunjika chini ya buti kama biskuti.
Humu ndani hamira haijapata habari za msiba.
Nyuzijoto ishirini na nne. Inakula sukari,
inacheua, inamngoja mwenyewe.

Nilitaka kuchomoa waya.
Mkono ukafika kwenye plagi, ukarudi.
Kitu gani kingine chake kilikuwa bado na joto?

Ukutani kaandika kwa penseli,
herufi zimelala mbele kama mtu anayepanda mlima kwa baiskeli:
"Ikinyamaza siku mbili, imeiva.
Boila isipite mstari mwekundu.
Fungulia maji ya kupoza kwanza. KWANZA, we Struan!
Ukiwasha boila, usiwashe birika."
Hata peke yake alijigombeza kwa sauti ya mama.

Jumatatu likanyamaza. Jumatano nikamimina,
nikafungulia maji, kwanza,
nikabonyeza swichi. Wati elfu mbili zikaanza kuguna.
Saa nzima hakuna kitu. Bomba la shaba limesimama
refu, kavu, kama mgeni asiyekaribishwa kiti.
Kipimajoto: arobaini. Hamsini na tano. Sitini.
Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.
Nikaenda jikoni, nikawasha birika.

Ta!
Giza, nyumba na gereji.
Na ng'ambo ya uzio Ngaire, bila kufikiri:
"Struan! Umefanya tena!"

Halafu kimya. Si kimya cha kuhesabu.

Alikuja na tochi na chupa ya chai,
kajifunga shali juu ya nguo ya kulalia.
Hakusema pole; pole alishazimaliza kanisani.
Alijua fyuzi ilipo. Akairudisha kama anayefunga kifungo cha mtoto,
tukakaa juu ya makreti, tukaangalia bomba.

Tone.

"Kichwa mwaga," ukuta ulisema. "Kikombe kizima.
Usionje. Usisikitike."
Kilinuka dawa ya kufutia rangi ya kucha.
Ngaire akasema marehemu alikuwa akisafishia nacho madirisha,
akanyamaza, akaangalia dirisha.

"Moyo weka."
Ukaja mwembamba, uzi wa maji usiokatika,
harufu ya mkate, na nyuma yake, mbali, tofaa.
Chupa ya kwanza. Ya pili. Chupa ya tatu
tukaishika kwa zamu kwa sababu ilikuwa na joto.

"Mkia" —
na hapo penseli imeishia.
Labda simu ililia. Labda alijua, akaona haya kuandika
kitu ambacho pua yake ilikijua tangu zamani.
Nikanusa. Ngaire akanusa.
"Kadibodi iliyolowa," akasema.
"Bado," nikasema. "Mbwa aliyelowa ndiyo mwisho."
"Struan angekuwa ameshazima."
"Struan hayupo."
Tukaliacha litone. Tuliliacha mno, nadhani,
chupa ya nne ina ukungu ndani, haina faida kwa mtu.
Sijaimwaga.

Blanketi nimelipeleka chumbani kwangu.
Linanuka hamira upande wa miguu.
Usiku naliwasha namba moja, nageukia ukuta,
na birika siligusi.

Bili ya umeme ilikuja Agosti, kwa jina lake.
Nimelipa. Jina sijalibadilisha.