Mlinzi wa Boriti

Mwanakombo ndiye aliyenikokota.
"Wiki nzima umenuna kama ukuta wa forodha.
Twende Kisauni, shilingi hamsini tu, ukacheke."
Kufuli la duka nilikuwa nimelivuta mara tatu.
Ya nne nilishafika barabarani,
nikarudi, nikalivuta, likanibana kidole, nikaamini.
Nikaamini kwa hatua kama kumi.

Ukumbi ni mabati na mabenchi,
feni mbili zazunguka, ya tatu imekufa,
viazi karai, jasho la watu waliotoka bandarini.
Kando ya kioo ameketi Kibwana Mtafsiri,
maikrofoni mkononi, kahawa chungu gotini.
Yeye ndiye kinywa cha kila anayeonekana pale:
maharusi, majambazi, hata farasi.

Filamu yenyewe ya nchi ya theluji.
Mzee mmoja, pale reli inapokata barabara,
kazi yake kushusha boriti jioni
treni ya usiku ipite.
Basi. Akaishusha. Akenda kwake. Akavua kiatu kimoja.
Akasimama.
Akakivaa tena.

"Wee babu," Kibwana akamsemea, "umesahau meno?"
Ukumbi ukaangua kicheko.
Mzee akarudi na taa yake, akaigusa boriti. Iko chini.
Akenda, akageuka, akaigusa. Iko chini.
"Mpenzi boriti, silali bila wewe!"
Watu wakagongana mabega,
Mwanakombo akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Mimi nikajifunika buibui hadi puani.
Nani amewaambia?
Nani alikaa nyuma ya kaunta yangu, pale Buxton,
akanitazama nikihesabu vidonge, vitano vitano,
nikivirudisha mkebeni, nikivimwaga, nikianza upya?

Jumanne.
Mama mwenye kanga ya korosho, mtoto mgongoni,
homa yake imepenya hadi upande wa pili wa kanga.
Foleni imefika mlangoni. Stima ikapotea.
Nikaandika juu ya bahasha kwa mwanga wa simu:
kimoja, kutwa mara mbili.
Au viwili?
Au mara tatu?
Mkono waikumbuka kalamu,
haukumbuki ilichoandika.
Jina sikulitia kitabuni. Huenda ni wa Tudor, huenda ni wa Changamwe.
Tangu siku hiyo kila mtoto aliaye usiku mtaani ni yule,
na kila asiyelia ndiye zaidi.

Kule kiooni mzee akapiga magoti.
Akavua glavu, akaweka kiganja kitupu juu ya chuma,
baridi ile, kiganja kitupu,
akasema neno. Moja tu, refu.
Kibwana akafungua kinywa.
Hakusema kitu.
Tukazisikia feni.
Mtu akapiga mluzi: "Mtafsiri, umelala?"
Akakohoa, akanywa kahawa iliyokwisha.
Treni ikapita, madirisha yote yana taa.
"Haya babu, kalale," akasema,
na safari hii hakuna aliyecheka.

Watu walipotoka nikabaki nyuma,
yeye anakunja nyaya.
"Yule mzee alisema nini pale chini?"
"Dada, lugha ile mimi siijui hata salamu.
Hutazama uso, nikautilia maneno."
Akachomoa plagi.
Akalitazama tundu, akaligusa kwa kidole,
akenda kuchukua koti, akarudi, akaligusa.
Akaniona ninamwona.
"Na wewe," akauliza polepole, "ulisikia nini?"

Nje Mwanakombo aniita, tuktuk imepatikana.

"Kimoja," nikamwambia. "Kutwa mara mbili."

Hakucheka. Hakuuliza kimoja cha nini.
Alinisogelea kama mtu asemaye siri msibani:
"Una hakika?"